Sura ya 6: Huko Kuna Jua, Mbona Analia?

Wazazi wa Kibaha na Kisarawe wenye watoto ughaibuni wana majibu tayari kwa malalamiko ya Desemba. Mtoto akisema baridi imemkaba, ataambiwa avae soksi mbili, anywe chai ya tangawizi, asitoke bila koti. Malalamiko ya Julai ndiyo yanayowapiga chenga. Wiki iliyopita alituma picha: bustani ya kijani, watu wamejilaza kwenye nyasi, ni saa tatu na nusu usiku na bado kweupe. Leo anapiga simu anasema hapati usingizi, chakula hakipiti, anamfokea kila mtu, na jana alilia ndani ya basi bila kujua analilia nini. Mama akishakata simu anamgeukia jirani: "Huko si ndiyo wanasema wakati wa raha? Jua lipo, mbona mtoto analia?"

Swali hilo huja kwa sura nyingi. Wapo wanaouliza kama amerogwa. Wapo wanaouliza kama ameanza kutumia vitu. Na wapo, hasa msimu wa sherehe, wanaoshuku kuwa ni ujanja wa kukwepa mchango wa harusi.

Jibu ni kwamba ipo sonona inayokuja pamoja na jua, nayo ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Sura hii inaeleza inatoka wapi, kwa nini inawapata watu waliohama, na nini cha kufanya, kwa aliyeko huko na kwa aliyebaki Maili Moja au Maneromango akisubiri simu.

Sonona, na sonona inayofuata majira

Sonona ni hali ya huzuni, au ya kukosa hamu ya kila kitu, inayochukua sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na kuvuruga usingizi, ulaji, kazi na mahusiano. Huzuni ya kawaida huachia nafasi: aliyefiwa na babu yake bado atacheka mtoto mdogo akisema kituko. Mwenye sonona anaona kituko, anajua kinachekesha, na kicheko hakitoki.

Kuna watu ambao sonona yao ina kalenda. Inaingia majira fulani, inatoka majira mengine, na mwaka unaofuata inarudi. Aliyeiweka kwenye ramani ya udaktari alikuwa mhamiaji. Norman Rosenthal alizaliwa Afrika Kusini, akahamia New York mwaka 1976 kusomea udaktari wa magonjwa ya akili. Kila majira ya baridi aliona nguvu zake zinashuka, na siku zikirefuka zinarudi. Mwaka 1984 yeye na wenzake, wakiwa kwenye taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, wakaieleza sonona ya majira ya baridi, na tiba ya kukaa mbele ya taa kali asubuhi ikapata umaarufu. Mwaka 1987 Thomas Wehr, Rosenthal na wenzao wakaeleza upande wa pili: watu wanaoanguka majira ya joto na kuinuka baridi ikirudi. Hawa ni wachache, takriban mmoja kati ya kila wagonjwa kumi wa sonona ya majira, ndiyo maana habari zao hazijasambaa.

Dalili za pande hizi mbili hutofautiana sana. Wa majira ya baridi hulala kupita kiasi, hutamani mkate na vitu vitamu, hunenepa, na viungo humlemea. Wa majira ya joto usingizi humruka, chakula humkinai, mwili hukonda, moyo huenda mbio, na jambo dogo humpandisha hasira. Hapo ndipo ndugu wanapokosea. Picha tuliyonayo ya mtu mwenye sonona ni ya aliyejifunika shuka mchana kutwa. Huyu wa Julai yuko macho. Saa tisa usiku anazunguka chumbani, anasugua jiko ambalo amekwisha kulisugua, anaandika ujumbe mrefu na kuufuta. Ukimwona utasema ana nguvu za ziada.

Madaktari hawatoi jina la sonona ya majira kwa sababu ya Julai moja mbaya. Hutaka kuona hali inaingia na kutoka kwa majira yale yale angalau miaka miwili mfululizo. Wengi wanaopiga simu nyumbani wakilia huenda wana sonona ya kawaida iliyochochewa na maisha ya ugenini, au wamekosa usingizi kwa wiki kadhaa hadi akili imechoka. Tofauti hizo aachiwe daktari. Hatua za kwanza ni zile zile.

*Kwa ufupi: sonona ya majira ya joto ipo, ni ya wachache, na sura yake ni ya mtu asiyetulia, asiyelala na asiyekula, wala siyo ya mtu aliyelala siku nzima.*

Mchana usiokwisha

Kibaha na Kisarawe ziko karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta. Mchana wetu mrefu kuliko yote, mwezi Desemba, ni kama saa kumi na mbili na nusu. Ule mfupi, mwezi Juni, haufiki saa kumi na mbili kwa dakika chache. Tofauti ya mwaka mzima haifiki saa moja. Ndiyo maana tunaweza kuhesabu saa zetu kuanzia jua linapochomoza na hesabu isitutupe Januari wala Agosti. Mtu aliyekulia hapa mwili wake haujawahi kuulizwa swali la lini usiku unaanza.

Sasa mpeleke Stockholm. Tarehe 21 Juni jua linachomoza kama saa tisa na nusu za usiku, linazama saa nne usiku, na toka kuzama hadi kuchomoza tena hakuna giza la kweli, ni wekundu tu wa mbingu. Mchana wa saa kumi na nane na nusu. London ni saa kumi na sita na nusu na ushee. Tromsø, kaskazini ya Norway, jua halizami kabisa kwa takriban miezi miwili.

Kibaha ina ujirani wa zamani na watu wa huko. Mwaka 1963 Denmark, Finland, Norway na Sweden zilianzisha kwa pamoja mradi mkubwa pale Tumbi: shule ya sekondari iliyofunguliwa mwaka 1965, kituo cha afya, mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa kwa Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Walimu na wauguzi waliokuja nao walitoka kwenye nchi ambazo jua hubadilisha ratiba kila wiki, wakafika mahali linapozama karibu saa ile ile mwaka mzima. Mtoto wa Tumbi anayekwenda Uppsala au Oslo leo anafanya safari hiyo kinyume, na mwili wake ndio unaolipa nauli.

Unailipa hivi. Ndani ya ubongo kuna kijisehemu kinachofanya kazi ya saa ya mwili: kinapanga lini tulale, lini tuamke, lini njaa ije. Saa hiyo husahihishwa kila siku na mwanga unaoingia machoni. Giza likikaribia, ubongo hutoa melatonini, kemikali inayouambia mwili kwamba usiku umefika. Mwanga ukiendelea, melatonini huchelewa. Mwanga ukiwahi, huondoka mapema. Anayelala saa sita usiku kwa sababu kulikuwa kweupe, na kuamshwa saa kumi alfajiri na jua la dirishani, amepata saa nne. Siku tatu atavumilia. Wiki sita za namna hiyo humwangusha hata mtu mzima wa afya, na aliye na mwelekeo wa sonona huanguka zaidi.

Kwa Mwislamu kuna jambo la ziada, na nyumbani halizungumzwi vya kutosha. Miaka ya 2015 hadi 2017 Ramadhani iliangukia kwenye siku ndefu za kaskazini. Mwaka 2016 ilianza wiki ya kwanza ya Juni. Wakati Kisarawe watu wameshakula futari yao ya mihogo na magimbi, wameswali tarawehe na wengine wameshalala, mwenzao wa Stockholm alikuwa bado anasubiri magharibi ya saa nne usiku, na daku ilikuwa saa mbili tatu tu mbele yake. Wanazuoni walitofautiana, wapo walioruhusu wakazi wa kaskazini ya mbali kufuata saa za Makka au za mji wa karibu wenye usiku unaoeleweka. Ramadhani imeshasogea kwenye miezi ya baridi, lakini swala za Juni ziko pale pale: isha karibu na usiku wa manane, alfajiri muda mfupi baadaye. Anayevunjika usingizi kwa sababu hiyo amuulize imamu wa msikiti wake. Ni swali lililokwisha kuulizwa na maelfu kabla yake, na majibu yapo.

Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya Januari

Mtu wa Pwani akisikia joto la nyuzi 32 atacheka. Hapa Februari, vuli imekwisha na masika bado, tunalala kwenye joto la namna hiyo, feni ikizunguka na dirisha la nyavu liko wazi. Sasa fikiria chumba cha ghorofa ya sita chini ya paa, kuta nene zilizojazwa vitu vya kuzuia joto lisitoke, dirisha linalofunguka kiganja kimoja kwa usalama, hakuna feni. Nyumba za kaskazini zimejengwa kutunza joto la Januari, na Julai zinaendelea kulitunza. Mwaka 2003 wimbi la joto liliua maelfu kwa maelfu ya watu Ulaya, kama elfu kumi na tano Ufaransa peke yake, wengi wao wazee waliokuwa peke yao vyumbani. Tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilipita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu vipimo vianze.

Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili lazima lishuke kidogo. Chumba kikikataa kupoa, mwili nao unakataa kulala, na tunarudi pale pale.

Mji unapohama

Hadi hapa nimezungumzia mwanga na joto, vitu vinavyopimika. Kuna sababu ya tatu isiyopimwa na kipimo chochote, nayo kwa maoni yangu ndiyo inayowaumiza Waswahili kuliko hizo mbili.

Julai, miji ya Ulaya huhama. Sweden sheria inampa mwajiriwa siku 25 za likizo kwa mwaka, na wengi huchukua wiki tatu nne kwa mkupuo katikati ya majira ya joto. Paris na miji mingi ya Italia hufunga maduka Agosti. Mwalimu anayekusimamia chuoni ana nyumba ya mashambani na hajibu barua pepe. Wenzako wa bwenini wamerudi kwao. Ofisa anayeshughulikia kibali chako cha kuishi naye yuko likizo, na faili lako limelala mezani. Jirani aliyekuwa anakusalimia Machi, ambaye ulidhani mmekuwa marafiki, yuko ufukweni Ugiriki.

Anayebaki ni mgeni. Anabeba boksi. Anashika zamu za walio likizo, na zamu za usiku kwenye nyumba za wazee ndizo za kwanza kukosa watu. Binti wa Kibaha anayefanya kazi hiyo hutoka kazini saa moja asubuhi jua likiwa limeshapanda, anavuka bustani yenye watoto wanaocheza, anapanda chumbani kulala wakati dunia yote inaamka. Amebandika karatasi ya fedha ya jikoni kwenye kioo kwa gundi ya karatasi, na kila mchana kona moja hubanduka, mwale mmoja ukaingia ukamgonga usoni. Anaamka, anaibandika tena, usingizi umeshakimbia. Saa nane mchana yupo kwenye simu akiangalia picha za watu wanaokula bata.

Majira ya baridi, kila mtu pale mtaani ana uso uliokunjamana. Ukinuna hakuna anayekushangaa. Majira ya joto huzuni yako inaonekana kama utovu wa shukrani. Wenyeji wameisubiri miezi hii mwaka mzima na wanaona haya hata kusikia mtu analalamika. Basi mtu anajificha, na kujificha kunamzidishia.

Upande wetu wa simu

Wakati huko kuna jua, huku ni kipupwe. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri ya Pwani: upepo wa kusi, joto limepungua, mavuno yameingia, shule zimefunga kwa muda. Ni msimu wa harusi, na kwa Wazaramo ni msimu wa ngoma na wa kuwatoa wali. Kwa hiyo miezi ile ile mtoto anapoachwa peke yake na mji, simu yake inajaa sherehe asizohudhuria. Kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. La sendofu. La kumtoa mwali wa shangazi huko Msanga. La kuezeka paa la msikiti. Kila kundi lina mweka hazina, na kila mweka hazina ana orodha inayomtaja mtu wa Ulaya kwa kiwango cha peke yake, maana "yeye yuko huko."

Sisemi michango iachwe. Ndiyo inayomfanya abaki ndugu, na wengi walioko nje watakuambia kutoa kunawapa heshima. Nasema tuangalie tunazungumza naye nini mbali na fedha. Chukua simu tano za mwisho mlizopigiana. Kama nne zilianza na salamu za haraka zikaishia kwenye namba ya kutuma pesa, basi mtoto huyo hana mahali pa kusema kwamba hajalala tangu Jumapili.

Kisha kuna maneno yetu ya kumpa moyo, ambayo humfunga mdomo. "Huko raha, sisi huku ndio tunaungua." "Mwenzio fulani mbona amejenga?" "Swali, utapona." Dua ni nguzo, na mwenye imani haachi kuomba anapougua malaria, lakini pia hunywa dawa. Mganga naye huingia hapa. Mara nyingi familia hutuma fedha za kafara na makombe kabla ya kumuuliza mgonjwa kama amemwona daktari. Kama tiba ya kimila inamtuliza, na haimwambii aache dawa za hospitali, sioni ugomvi. Ikimwambia kuna shangazi anayemloga, imemwondolea mtu mmoja zaidi wa kuzungumza naye wakati ambao watu ndio dawa anayohitaji.

Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Kazi yao ni kusikiliza, kisha kumsaidia mtu achague tatizo moja na kupanga hatua moja ya kulitatua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha waliopitia benchi hilo walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi wa Kisarawe hana mafunzo hayo, ila kuna la kuiga: asikilize hadi mwisho, asilinganishe, aulize jambo moja.

Badala ya "vipi huko, mambo safi?" ambalo jibu lake ni "safi", jaribu haya:

- Jana ulilala saa ngapi, ukaamka saa ngapi?
- Leo umekula nini, na ulikula na nani?
- Mwaka jana mwezi kama huu ulikuwaje?
- Kati ya yote yanayokusumbua, lipi tulishike kwanza?

Swali la tatu ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mama wa Mlandizi anayekumbuka kwamba hata mwaka jana simu za Julai zilikuwa za kilio ameshampa daktari nusu ya taarifa anazohitaji.

Muscat ni habari nyingine

Pwani haina watoto Ulaya tu. Wasichana wengi wamekwenda Oman na nchi za Ghuba kufanya kazi za ndani, na ushauri wa mapazia mazito hauwasaidii. Huko mchana wa Juni haurefuki sana; kinachopanda ni joto, ambalo Muscat linaweza kupita nyuzi 45. Oman imeweka katazo la kufanya kazi juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Katazo hilo linamlinda fundi wa ujenzi. Mfanyakazi wa ndani halimgusi.

Yeye tatizo lake ni kufungiwa. Watu hawatoki nje, watoto hawaendi shule, nyumba imejaa wageni, kazi inaongezeka, na kutembea hadi dukani, ambako kulikuwa ndiyo pumzi yake, kumekufa kwa sababu ya joto. Wakati mwingine familia husafiri kwenda Salalah, kusini, kukimbilia mvua na ukungu wa miezi hiyo, naye hubebwa kama sehemu ya mizigo au huachwa na nyumba. Kinachomsaidia ni vitu vya msingi: simu yake mwenyewe, siku ya mapumziko iliyoandikwa kwenye mkataba kabla hajapanda ndege, nakala ya pasipoti kwa ndugu, na namba ya ubalozi wa Tanzania Muscat. Kwa bahati, Muscat Kiswahili kinazungumzwa kwenye nyumba nyingi zenye asili ya Zanzibar na pwani, na jirani mmoja anayekielewa anaweza kuwa tofauti kubwa. Ila ikiwa ananyimwa chakula, anapigwa au hajalipwa, hiyo ni jinai na iitwe hivyo. Tusiipeleke kwenye sura ya sonona.

La kufanya kwa aliyeko kaskazini

Anza na giza. Mengine yote yanategemea usingizi, na usingizi unategemea giza.

- Nunua mapazia mazito yasiyopitisha mwanga, yafike ukutani pande zote. Karatasi ya fedha inafaa kwa dharura. Kitambaa cha kufunika macho ni bei ndogo na kinasafirika.
- Panga usiku wako kwa saa, jua lisikupangie. Saa mbili kabla ya kulala funga mapazia, punguza taa, weka simu mbali. Ukitembea nje jioni, vaa miwani ya jua.
- Amka saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Ukisinzia mchana, isizidi nusu saa. Wa zamu za usiku ahesabu tofauti: mchana wake ndio usiku, na wenzake wa nyumba waambiwe hivyo.
- Mchana funga dirisha na pazia upande wa jua, usiku fungua. Oga maji ya uvuguvugu kabla ya kulala. Saa za joto kali nenda maktaba, ambako ni bure na kuna ubaridi.
- Kunywa maji, kula hata kama hamu haipo: uji, matunda, supu, kidogo kidogo kwa saa maalumu.
- Pombe ya bustanini iepukwe. Inaleta usingizi wa saa mbili na kuuvunja uliobaki.

Kuhusu watu, orodha haifai sana kwa sababu kila mji una mambo yake. Ninachoweza kusema ni kwamba miadi ya kudumu hushinda mwaliko wa "tutafutane." Jumamosi kupika pilau na Mtanzania mwenzako, Jumapili kanisani, Ijumaa msikitini, Saba Saba na jumuiya ya Watanzania kama ipo. Kitu ambacho usipofika mtu atapiga simu kuuliza.

Na tembea chini ya miti. Aliyekulia karibu na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi anajua tofauti ya jua la barabarani na jua lililochujwa na majani. Miji ya kaskazini ina misitu mingi inayofikika kwa basi, na asubuhi mapema hakuna mtu.

Dawa, daktari na hatari

Hayo yasiposaidia ndani ya wiki mbili, ni kazi ya daktari. Tiba ni za aina mbili kubwa, na nyingi huenda pamoja. Ya kwanza ni tiba ya mazungumzo, ambapo mtaalamu humsaidia mtu kubadilisha fikra na mazoea yanayomzamisha. Ya pili ni dawa za sonona, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Anayeacha baada ya siku tano hajazijaribu. Aliyewahi kuwa na vipindi vya uchangamfu uliopitiliza, halali na hachoki, anatumia fedha ovyo, amwambie daktari mapema, kwa sababu dawa za sonona peke yake zinaweza kumrudisha huko. Anayetumia lithiamu aogope kukaukiwa maji: jasho jingi bila kunywa hupandisha dawa hiyo kwenye damu hadi kiwango cha sumu.

Taa kali ya Rosenthal ni ya majira ya baridi. Usimtumie mtoto Julai kwa sababu umesoma mahali kuwa inatibu sonona.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Takwimu za nchi nyingi za kaskazini zimeonyesha kwa muda mrefu kwamba watu kujiua huongezeka majira ya kuchipua na mwanzo wa majira ya joto kuliko katikati ya baridi. Akisema anatamani asiamke, kwamba mngekuwa na nafuu bila yeye, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga kwa namna isiyo ya kawaida, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Kaa naye kwenye simu, na mtu mwingine aliyeko huko huko apige simu ya dharura: 112 katika nchi za Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 988 Marekani na Kanada kwa anayefikiria kujiua. Uingereza kuna pia 116 123, ya kuzungumza na mtu saa yoyote. Mwombe namba ya jirani yake mmoja leo, kabla hamjaihitaji. Akirudi nyumbani akiwa bado mgonjwa, mpelekeni hospitali ya rufaa ya mkoa Tumbi. Kutoka hapo anaweza kuelekezwa Muhimbili au Mirembe, Dodoma.

Septemba na hesabu ya mwaka ujao

Kuanzia mwisho wa Juni mchana hupungua, mwanzoni kwa dakika chache zisizoonekana, kisha kwa kasi. Stockholm Septemba hupoteza zaidi ya dakika tano kila siku. Karibu tarehe 22 ya mwezi huo mchana na usiku hulingana dunia nzima, na mtoto wa Kibaha anarudi kwa wiki chache kwenye saa alizozaliwa nazo. Wengi wenye sonona ya joto huanza kulala wakati huo. Wenye dawa wasiziache kwa kuona nafuu. Daktari ndiye anayepanga namna ya kuzipunguza.

Oktoba ni mwezi wa kuandika. Lini usingizi ulianza kukatika, uzito ulishuka kiasi gani, nini kilisaidia, nini kilichafua. Karatasi hiyo ampelekee daktari Machi au Aprili, kabla siku hazijarefuka. Mapazia yanunuliwe Aprili. Likizo iombwe mapema, hasa kwa anayeweza kurudi nyumbani: Juni na Julai, Kisarawe giza linaingia kabla ya saa moja jioni na usiku kuna baridi ya kujifunika. Tiketi za miezi hiyo hupanda bei kwa sababu shule za Ulaya zimefunga, basi zikatwe mapema, na kamati ya harusi isimpangie bajeti kabla ndege haijatua.